Nabii Isaya na Kaa la Moto

Wakati wa Majilio, katika nchi kadhaa, Wakristu huweka nyumbani tawi liitwalo Mti wa Yese, na kutundika juu yake picha ndogo za manabii waliomngojea Mkombozi. Kila nabii ana alama yake. Isaya hujulikana kwa koleo lenye kaa la moto. Sababu ni hii.

Isaya, mwana wa Amozi, aliishi Yeruzalemu. Mwaka aliokufa mfalme Uzia, yapata 740 kabla ya Kristu, alimwona Mungu katika utukufu wake. Akaogopa sana, akakiri ya kuwa midomo yake ni michafu. Ndipo Serafi mmoja akatwaa kaa altareni kwa koleo, akaigusa midomo yake, na dhambi yake ikaondolewa. Mungu alipotafuta mtu wa kumtuma, Isaya alijitoa mwenyewe.

Baadaye wafalme wawili walikuja kupigana na Yeruzalemu. Mfalme Ahazi alitetemeka. Isaya alimsihi amtumaini Mungu, akamtabiria mtoto wa bikira, Emanueli. Ahazi hakusadiki, alipeleka fedha na dhahabu ya hekalu kwa mfalme wa Asiria, akawa mtumwa wake. Isaya hakunyamaza: alitabiri tena chipukizi litakalotoka katika shina la Yese, baba wa Daudi. Masimulizi ya kale ya Wayahudi yasema kwamba mfalme Manase alimwua kwa msumeno.

Enyi wakatekumeni, kumbukeni kaa lile. Mungu alimtakasa Isaya kwanza, kisha akamtuma. Nanyi mtatakaswa kwa maji ya Ubatizo, mpate kutumwa kwa jirani zenu.