Maisha ya Munganga Barnardo

Thomas Barnardo alizaliwa Dublin mwaka 1845. Mwaka 1866 alifika London kusoma kazi ya munganga, juu alitaka kwenda China kuhubiri. Usiku moja mtoto Jim Jarvis akamuonyesha watoto wenye kulala juu ya mapaa, kwa baridi. Safari ya China akaiacha. Mwaka 1870 akafungua nyumba ya vijana. Siku moja akamrudisha kijana wa miaka 11 juu fasi zilijaa. Kisha siku mbili kijana yule akakutwa amekufa. Toka pale akaandika mlangoni kwamba mtoto asiye na makao hatakataliwa tena. Alikufa mwaka 1905. Na sisi, kati ya maibobo wanaolala sokoni, tunajua majina ya wangapi?