Tabibu Aliyezikwa Hamadan: Maisha ya Ibn Sina

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Amma baada. Katika nchi ya Uajemi, upande wa magharibi, pana mji wa kale uitwao Hamadan. Mji huu uko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima Alvand ambao kilele chake chapita mita 3,500. Baridi yake ni kali, na katika miezi ya kipupwe theluji hufunika mlima na mitaa pia. Wayunani wa zamani waliuita Ecbatana. Ulikuwa mji mkuu wa Wamedi, kisha wafalme wa Uajemi wakaufanya makao yao ya wakati wa joto. Waislamu waliufungua baada ya vita vya Nahavand vya mwaka wa 21 wa Hijra (642), zama za Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi.

Karibu na mji huo, katika jabali la Alvand, pana maandishi ya Mfalme Darius na mwanawe Xerxes, yaliyochongwa kwa lugha tatu. Watu waliokuja baadaye hawakuweza kuyasoma, wakadhani yaonyesha mahali palipofichwa mali, wakapaita Ganjnameh, maana yake kitabu cha hazina. Yaliposomwa katika karne ya 19 ikabainika kuwa hamna khabari ya hazina ndani yake. Ni kumsifu Ahura Mazda, ambaye wafalme hao walimwabudu, na kutaja majina yao na nasaba yao. Basi watu walikaa karne nyingi wakiyatukuza maneno wasiyoyajua.

Twalitaja jambo hili kwani ndani ya Hamadan mna kaburi la mtu ambaye jina lake twajifakhiri nalo sisi Waislamu sote, na maisha yake twayajua wachache. Naye ni Abu Ali al-Husayn bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ibn Sina. Tumeona yafaa tuwaeleze ndugu zetu khabari zake, mazuri yake na yale aliyolaumiwa, ili fakhari yetu isiwe kama ya wale waliosimama mbele ya jabali.

Ibn Sina alizaliwa mwaka wa 370 wa Hijra (980) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, akiwatumikia wafalme wa Kisamani. Alipohamia Bukhara alimtafutia mwanawe walimu, na mtoto alipotimia miaka kumi alikuwa amekwisha hifadhi Kurani na kusoma mengi katika adabu ya Kiarabu. Hesabu za Kihindi alijifunza kwa muuza mboga aliyezijua. Fikihi aliisoma kwa Ismail al-Zahid. Tazameni mzazi yule: hakuona haya kumpeleka mwanawe kwa mtu wa sokoni, maadamu ilimu iko kwake.

Baadaye alisoma mantiki na utabibu, na alipokuwa na miaka 16 matabibu walikuwa wakija kusoma kwake. Usiku alikuwa halali ila kidogo. Ikimshinda mas-ala, alikuwa akienda msikitini, akasali na kumwomba Mola wake amfungulie, kisha akarejea kwenye taa yake na kitabu chake. Kitabu cha Aristotle katika ilimu ya asili ya mambo alikisoma mara 40 hata akakihifadhi, na maana yake asiipate. Siku moja katika soko la vitabu dalali alimshika amnunulie kitabu kwa dirhamu tatu, kwani mwenyewe ana haja. Alikikataa kwanza, kisha akakinunua, kumbe ni cha al-Farabi chenye kueleza makusudio ya kile kilichomshinda. Alikisoma usiku ule akafahamu, na asubuhi yake akatoa sadaka nyingi kwa mafakiri kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Mfalme wa Bukhara, Nuh bin Mansur, akaugua. Kijana huyu aliitwa kusaidiana na matabibu wa jumba, na mfalme alipopona akampa ruhusa kuingia katika khazina yake ya vitabu. Humo alisoma mambo ambayo wengi hawakuwahi hata kusikia majina yake.

Walakini dunia haikumwacha astarehe. Baba yake alifariki, na dola ya Wasamani ikaanguka mwaka wa 999. Ikambidi kuhama mji hata mji, Gurganj, Nasa, Tus na mwisho Jurjan, akimtafuta Amiri Qabus. Akafika Amiri huyo amekwisha kukamatwa na kufa. Hapo Jurjan alipata mwanafunzi, Abu Ubayd al-Juzjani, aliyefuatana naye hata mwisho wa umri wake, na kwa kalamu yake twapata nyingi katika khabari hizi. Hapo ndipo alipoanza kitabu chake kikubwa cha utabibu, al-Qanun. Kutoka Jurjan alikwenda Rayy, kisha, kiasi cha mwaka wa 1015, akapanda Hamadan.

Mtawala wa Hamadan, Shams al-Dawla, alikuwa na maradhi ya msokoto wa tumbo. Ibn Sina alimtibu hata akapona, naye akamfanya waziri. Askari wakamchukia, wakaizunguka nyumba yake, wakapora mali yake na kutaka auawe. Mtawala alikataa kumwua, ila alimwondoa kazini. Ibn Sina alijificha siku 40 nyumbani kwa sheikh mmoja wa mji. Maradhi yakamrudia mtawala. Akatafutwa, akaombwa radhi, akarudishwa katika uwaziri. Hivi ndivyo walivyo wenye mamlaka na wenye ilimu: humkumbuka mwenye ilimu linapowauma tumbo.

Mchana ulikuwa wa kazi ya serikali. Usiku wanafunzi walikusanyika kwake, mmoja akisoma katika al-Shifa, kitabu chake cha falsafa, na mwingine katika al-Qanun. Shams al-Dawla alipofariki mwaka wa 1021, Ibn Sina hakutaka tena uwaziri, akajificha katika nyumba ya muuza dawa. Humo, bila ya kitabu cha kutazamia, alikuwa akiandika karatasi 50 kila siku. Akatuhumiwa kuandikiana na mtawala wa Isfahan, akafungwa katika ngome ya Fardajan miezi minne. Hata kifungoni aliandika, na katika aliyoyaandika humo ni risala juu ya msokoto wa tumbo. Mwisho alitoka Hamadan kwa siri, amevaa nguo za Kisufi, akafika Isfahan akapokewa kwa heshima na Ala al-Dawla. Huko alimwandikia mwenyeji wake kitabu cha ilimu kwa lugha ya Kiajemi, wala hakuona kuwa ilimu hushuka cheo ikisemwa kwa lugha ya watu wa nchi.

Kitabu cha al-Qanun kina sehemu tano: misingi ya utabibu, dawa moja moja, maradhi ya viungo tangu kichwa hata nyayo, maradhi yanayoenea mwili mzima, na dawa za kuchanganywa. Katika sehemu ya pili ameweka sharti za kuijaribu dawa. Ijaribiwe katika maradhi yasiyochanganyika na mengine. Itazamwe kama kazi yake haibadiliki kila mara. Na ijaribiwe kwa binadamu, kwani inayomfaa farasi au simba huenda isimfae mtu. Kitabu hiki kilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12 na Gerard wa Cremona, kikasomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hata karne ya 17, na asili yake ya Kiarabu ikapigwa chapa Rome mwaka wa 1593. Utabibu wa leo umekipita katika mambo mengi. Lakini njia ya kujaribu kabla ya kudai haijapitwa.

Haki yatutaka tuseme na yale mengine. Mwanafunzi wake mwenyewe ameeleza kuwa baada ya darsa za usiku palikuwa na ulevi na waimbaji. Ulevi ni haramu, na ilimu ya mtu haimhalalishii lililoharimishwa. Na katika falsafa aliwafuata Wayunani mpaka akasema mambo aliyoyapinga Imamu al-Ghazali: kuwa ulimwengu hauna mwanzo, kuwa Mwenyezi Mungu huyajua mambo kwa jumla tu wala si moja moja, na kuwa kiwiliwili hakitafufuliwa. Itikadi hizo hatuzifuati. Walakini kukosea kwake katika falsafa hakuibatili dawa yake, kama usahihi wa dawa yake usivyosahihisha falsafa yake. Mwislamu mwenye akili hupima kila jambo kwa mizani yake.

Maradhi aliyoyajua kuliko wote ndiyo yaliyomwua. Alishikwa na msokoto wa tumbo akiwa safarini na Ala al-Dawla, akajipiga bomba la dawa mara nane kwa siku moja kwa kutaka kupona upesi, na matumbo yakaingia vidonda. Mmoja katika waliomtumikia alizidisha mbegu za karafsi katika dawa yake, na mwingine akazidisha afyuni. Walipoelekea Hamadan alijua kuwa nguvu zimekwisha, akaacha kujitibu. Wanahistoria wamepokea kuwa alitubu, akatoa mali yake sadaka, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akikhitimu Kurani kila siku tatu. Alifariki Hamadan katika Ramadhani ya mwaka wa 428 (1037), na umri wake ni miaka 58 ya Hijra. Twamwombea Mola aipokee toba yake.

Katika miaka ya 1950 kaburi lake lilijengewa jengo jipya lenye mnara wa nguzo 12, na wageni huenda kulitazama. Mwenye kufika huko na azingatie mauti na amwombee maiti, wala asimwombe maiti haja yoyote. Kisha ajiulize atarudi na nini.

Nasi tusiofika Hamadan yatupasa kujiuliza vile vile. Katika miji yetu ya pwani, mtoto akishikwa na homa, wako wanaomkimbiza kwa mpiga ramli atazamiwe nyota, wakatoa kuku na ubani, na homa ikamla mtoto siku tatu kabla ya kuonwa na daktari. Mtoto akifa husema ni kudra. Kudra ni haki, lakini kuacha sababu ni uzembe, nao tutaulizwa. Na watu hao hao, wakiambiwa kuwa Waislamu wako nyuma, hulitaja jina la Ibn Sina. Dua ni ibada, na yeye aliomba. Kisha alirejea kwenye taa yake.

Basi mwenye mtoto na amsomeshe, Kurani na hesabu pia, na mwenye mgonjwa amtafutie tabibu huku akimwomba Mponyaji. Na wenye uwezo miongoni mwetu na wasaidie mtoto wa maskini afike katika vyuo vya utabibu, kijana na msichana pia, kwani wagonjwa wetu wawahitaji wote wawili. Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika ilimu yenye manufaa na amali iliyo njema. Amin.