Moreau, mhasibu wa Amani aliyehesabu milo ya ndege

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa Kibaha na Kisarawe wenye desturi ya kumwaga chenga za mchele uani, au kuacha beseni la maji chini ya mwembe, wanawafahamu wageni wao wa kila asubuhi: njiwa, shomoro, chiriku, na chozi wanaofuata maua ya mipapai. Wachache hujiuliza ndege mmoja huwapelekea makinda wake chakula mara ngapi kabla jua halijazama. Mtu aliyelishughulikia swali hilo katika Tanganyika ya kikoloni kwa bidii isiyo ya kawaida hakuwa profesa wala daktari wa wanyama. Alikuwa mtu wa hesabu, mgonjwa wa baridi yabisi, aliyeishi miaka 18 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga.

Huyo ni Reginald Ernest Moreau, ambaye jina lake ni kubwa miongoni mwa wataalamu wa ndege duniani, ingawa nchini ambako alijifunzia sehemu kubwa ya aliyoyajua halisikiki sana.

Moreau alizaliwa Mei 29, 1897 huko Kingston-upon-Thames, Uingereza. Mwaka 1914 aliingia katika utumishi wa serikali akiwa mkaguzi wa hesabu, na akapangiwa ofisi ya ukaguzi wa jeshi. Ugonjwa wa viungo ulimshika akiwa bado kijana, na mwaka 1920 akapata uhamisho kwenda Cairo, mji ambao hewa yake kavu ilitarajiwa kumpa nafuu.

Ni Misri alikoanza kuwatazama ndege kwa makini, akitumia siku zake za mapumziko jangwani na kando ya Mto Nile. Huko pia ndiko alikokutana na Winifred Bird, msichana wa Kiingereza aliyependa mambo hayo hayo. Jina la ukoo la binti huyo maana yake ni ndege, na mtu angeweza kudhani limetungwa kwa ajili ya kunogesha simulizi hii. Walioana mwaka 1924. Binti yao baadaye alipewa jina la Prinia, ambalo ni jina la kisayansi la jamii ya ndege wadogo wenye mikia mirefu wanaopenda vichaka vya bustanini.

Aliyemvuta hadi Tanganyika ni mtaalamu wa wadudu, C.B. Williams, waliyefahamiana Cairo. Mwaka 1928 Moreau alipata ajira Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha taasisi ya kilimo mwaka 1902 na Waingereza wakaifufua baada ya kuitwaa nchi. Kazi yake ilikuwa ya ofisini: hesabu, barua na maktaba. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na hakuna aliyemlipa mshahara ili atazame ndege. Aliyoyafanya katika fani hiyo aliyafanya jioni, Jumapili na wakati wa likizo.

Hata hivyo, aliyafanya kwa tabia ya mhasibu. Wakati huo wataalamu wengi wa ndege barani Afrika walikuwa na kazi moja kubwa, kupiga ndege risasi, kuwachuna na kupeleka ngozi kwenye makumbusho ya London au Berlin. Moreau naye alikusanya ngozi, lakini alitaka pia kitu ambacho ngozi haiwezi kukitoa. Alitaka kujua muda: jike huatamia kwa dakika ngapi kabla ya kuondoka, dume hurudi na chakula baada ya muda gani, kinda hukaa kiotani siku ngapi.

Kwa mtu mwenye viungo vinavyouma na mwenye ofisi ya kwenda kila asubuhi, kazi hiyo isingewezekana peke yake. Ilifanywa na wasaidizi wa Kiafrika aliowafundisha, waliokaa karibu na kiota kwa saa nyingi na kuhifadhi kumbukumbu ya kila safari ya ndege mzazi. Anayejulikana zaidi kati ya wasaidizi wake ni Salimu Asumani, mkusanyaji hodari aliyeijua misitu na sauti za ndege kuliko mwajiri wake. Mwaka 1940 Moreau na mkewe walichapisha takwimu nyingi za mwenendo wa ndege wa Afrika viotani, takwimu ambazo kwa kiasi kikubwa zilitokana na macho na subira ya watu hao. Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa enzi za ukoloni: juu ya ukurasa lilikaa jina la bwana, na jina la aliyekaa chini ya mti lilitafutwa ndani ya maandishi, kama lilikuwamo.

Kazi iliyowapatia sifa ya pekee ni ile ya hondohondo mwenye mashavu ya rangi ya fedha. Ndege huyo mkubwa, mwenye mdomo mzito na sauti ya kukoroma inayosikika mbali, hutaga ndani ya tundu la mti mrefu. Jike huingia ndani na mlango huzibwa kwa tope ambalo dume hulileta, ukabaki ufa mwembamba wa kupitishia chakula tu. Humo jike hukaa zaidi ya siku 100 bila kutoka, na kwa muda wote huo maisha yake na ya kinda lake humtegemea dume.

Moreau na mkewe waliona kwamba dume hakuleta tunda moja moja. Alijaza koo lake matunda ya msituni, akatua kwenye mti wa kiota, kisha akayatoa moja baada ya jingine na kuyapitisha katika ufa. Katika taarifa yao ya mwaka 1941 walikadiria kwamba kwa msimu wa siku zipatazo 120, dume mmoja hufanya safari kama 1,600 na kuleta matunda yapatayo 24,000. Hiyo ni wastani wa safari 13 kwa siku na matunda 15 kwa kila safari. Hesabu hiyo inaendelea kunukuliwa katika vitabu vya elimu ya ndege. Inaeleza pia, bila maneno mengi, kwa nini hondohondo hutoweka pale miti ya matunda inapokatwa, hata kama mti wenye tundu umeachwa umesimama.

Mwaka huo huo alichapisha utafiti wa ndege mwingine anayefahamika sana Pwani, yule mdogo mweusi afananaye na mbayuwayu, ambaye huruka kwa kasi kuzunguka minazi na mivumo. Ndege huyo hujenga kijikiota cha manyoya kwenye ukuti unaoning'inia na kuyagandisha mayai yake kwa mate, ili upepo usiyaangushe. Yeyote mwenye mnazi uani Kibaha au Kisarawe anaweza kumwona leo bila darubini.

Masikio ya Moreau hayakuishia kwa ndege. Amani ilikuwa na wafanyakazi kutoka makabila mengi, naye alivutiwa na namna watu wa makabila fulani walivyotaniana, kunyang'anyana vitu na kuzikana bila kukasirikiana. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliandika makala kuhusu utani katika Tanganyika ambazo wanazuoni wa mila waliendelea kuzirejea kwa miaka mingi.

Ndege watatu wa Tanzania wanaitwa kwa jina la familia hiyo. Shoto mdogo wa vichakani mwenye mdomo mrefu, aliyepatikana Amani, alipewa jina la Moreau mwaka 1931. Chozi wa misitu ya milimani, kuanzia Nguru hadi Udzungwa, alifuata mwaka 1933. Wa tatu, ndege mwenye kichwa chekundu kutoka milima ya Uluguru, alielezwa na Moreau mwenyewe mwaka 1938 na kupewa jina la Winifred. Jina la Salimu halimo katika hayo matatu.

Huyo wa kwanza ni nadra mno. Miongo mingi ilipita bila taarifa za uhakika za kuonekana kwake Usambara, na baadaye akapatikana tena kwenye mitambaazi ya kando ya msitu, mingine ikiwa karibu kabisa na nyumba za watu. Msitu unaozunguka Amani ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Moreau alivutiwa sana na jinsi misitu ya Afrika ilivyogawanyika kama visiwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu ndege wa Afrika alijenga hoja kwamba zamani, hali ya hewa ilipokuwa ya baridi zaidi, misitu ya milimani ilienea na kukaribiana, kisha ikatengana na ndege wake wakabaki peke yao. Misitu ya mwambao nayo ni vipande, na Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe ni mfano ulio karibu kabisa na Dar es Salaam. Hondohondo wa aina nyingine husikika humo. Kwa miaka mingi wakata kuni na wachoma mkaa wa kulisha majiko ya jiji wamekuwa wakiingia humo pia, na kwa ndege wa msituni kipande kinapopungua hakuna mahali pengine pa kuhamia.

Mwaka 1934 Amani ilipata mgeni kijana, David Lack, mwalimu wa shule aliyekuja kukaa na akina Moreau. Lack baadaye aliongoza taasisi ya utafiti wa ndege ya Chuo Kikuu cha Oxford na kuwa mmoja wa wanasayansi mashuhuri wa karne. Moreau alikuwa amegundua kwamba ndege wengi wa Afrika hutaga mayai machache kuliko ndugu zao wa Ulaya, na mwaka 1944 alichapisha ulinganisho mkubwa kuhusu jambo hilo. Lack alishikilia kwamba ndege hutaga idadi ya makinda anayoweza kuwalisha. Mjadala huo haujafungwa hadi leo.

Mwaka 1946 afya ilimlazimisha Moreau kuondoka Tanganyika. Alijiunga na Lack Oxford, akahariri jarida la ndege la Ibis kwa zaidi ya miaka 10, na mwaka 1968 akaandika kitabu kuhusu kijiji cha Kiingereza cha Berrick Salome, kwa jicho lile lile alilowatazamia watani wa Amani.

Kazi yake ya mwisho ilirudi kwenye hesabu. Alitaka kujua ni ndege wangapi wa nchi kavu huhamia Afrika kila mwaka kukwepa baridi ya Ulaya na Asia, wakiwamo mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kando ya Barabara ya Morogoro mwishoni mwa mwaka. Alikadiria bilioni tano. Alifariki dunia Mei 30, 1970, siku moja baada ya kutimiza miaka 73, na kitabu chenye hesabu hiyo kilitoka mwaka 1972. Watafiti walioirudia kwa mbinu mpya mwaka 2009, wakihesabu ndege wanaotoka Ulaya peke yake, walipata bilioni 2.1.