Ambroise Paré, Mpoza Majeraha

Ambroise Paré alizaliwa mnamo mwaka wa 1510 karibu na mji wa Laval, katika nchi ya Ufaransa. Zama zile kazi ya kupasua na kufunga majeraha haikuhesabiwa kuwa elimu, bali ilikuwa kazi ya vinyozi. Na matabibu waliosoma Kilatini waliona haya kutia mikono yao katika damu. Paré alijifunza unyozi, kisha akatumika katika hospitali kuu ya Paris, Hôtel-Dieu, na huko akayaona maradhi ya kila namna. Kilatini hakukijua vema, lakini alinufaika na maandishi ya Guy de Chauliac, ambaye naye alikuwa amechota sana katika elimu ya Abu al-Qasim al-Zahrawi, bingwa wa upasuaji wa Andalusia.

Mnamo mwaka wa 1537 alifuatana na jeshi la Mfalme Francis wa Kwanza kwenda kupigana upande wa Turin. Wakati huo wakuu wa elimu, wakimfuata Giovanni da Vigo, walishika ya kuwa baruti hutia sumu katika jeraha, na kwamba dawa yake ni kulimiminia mafuta yanayochemka. Paré alifanya kama walivyofanya wenzake, mpaka mafuta yakamwishia na majeruhi wangali wengi mbele yake. Hapo hakuwa na budi ila kuchanganya kiini cha yai, mafuta ya mawaridi na tapentaini, akawatia marhamu hiyo wale waliobaki.

Usiku ule usingizi haukumjia, kwa kuwa alihofu ya kuwa wale asiowachoma watakutwa wamekufa kwa sumu. Akaamka alfajiri na mapema kwenda kuwatazama. Kumbe waliotiwa marhamu walikuwa wamelala vizuri, maumivu yao ni kidogo, na majeraha yao hayakuvimba. Na wale waliochomwa kwa mafuta walikuwa na homa, maumivu makali na uvimbe. Tangu siku ile akaazimia asimchome tena kwa ukatili namna ile mtu aliyepigwa risasi.

Mwaka wa 1545 alitoa kitabu juu ya majeraha ya bunduki, akakiandika kwa Kifaransa ili vinyozi wenzake wapate kukifahamu. Mnamo mwaka wa 1552, huko Damvillers, alifunga mishipa ya damu kwa uzi katika kukata mguu, badala ya kuichoma kwa chuma cha moto. Alipokusanya maandishi yake yote mwaka wa 1575, wakuu wa chuo cha utabibu cha Paris walijaribu kuyazuia, lakini hawakufaulu. Aliwatumikia wafalme wanne wa Ufaransa, wala hakuacha kusadiki ya kuwa kazi yake ni kufunga jeraha tu, na kuponya ni kwa Mungu. Alifariki mwaka wa 1590 mjini Paris.

Jambo la kuwa vijidudu ndivyo viozeshavyo majeraha halikujulikana hata karne ya kumi na tisa, na majeruhi wengi waliendelea kufa. Hata hivyo shabaha yake ilikuwa sahihi. Mwaka wa 1962 George Winter alionyesha, kwa kuchunguza nguruwe, ya kuwa jeraha linalohifadhiwa katika unyevu hufunga ngozi upesi kuliko linaloachwa likauke. Siku hizi zipo bendeji za sponji laini, na nyingine zitokanazo na mwani, zifyonzazo majimaji ya jeraha bila ya kulikausha. Hazigandi katika nyama, na kwa hiyo mgonjwa hapati uchungu mwingi zinapobanduliwa.

Wenye elimu walikuwa na hoja zao vitabuni, na Paré alikuwa na wagonjwa wake mbele ya macho. Aliwatazama, akaamini alichokiona, na maelfu waliokuja baada yake wakasalimika na mafuta ya moto.