Mhandisi Aliyehesabu Maji na Watu

Wabunge na watumishi wa Serikali wanaotoka visiwani kwenda Dodoma siku hizi huvuka bahari kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha hupanda garimoshi la umeme lililoanza safari za huko mwezi wa Julai 2024. Wakisha kuipita Morogoro huiona nchi ikibadilika: kijani hupungua, mibuyu na vichaka vya miiba huchukua nafasi yake, na makorongo makavu hukatiza chini ya madaraja. Twaamini ni wachache miongoni mwao wanaomkumbuka mhandisi aliyeichunguza nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na ambaye fundisho lake halijachakaa. Huyo ni marehemu Clement Gillman.

Jina lake halikupotea. Kila apandaye Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika ukingoni mwa kreta mahali paitwapo Gillman's Point, yapata mita 5,685 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa yeye alifika kwenye ukingo huo mwaka 1921. Lakini sisi tunaona kwamba heshima yake iliyo kubwa zaidi haiko mlimani. Iko katika nchi kavu ya Ugogo na sehemu zinazofanana nayo.

Gillman alizaliwa mwaka 1882. Alikuja katika nchi hii mwaka 1905, enzi ya Wadachi, akiwa mhandisi kijana katika ujenzi wa Reli ya Kati. Reli hiyo ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waliobeba udongo na mataruma ni Waafrika kwa maelfu, na majina yao hayakuandikwa popote. Hatuna budi kulisema hilo kabla ya kumsifu mhandisi yeyote. Wala reli yenyewe haikuwaokoa Wagogo na njaa kuu waliyoiita Mtunya, iliyowaangamiza watu wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi kuchukua chakula, mifugo na wapagazi.

Baada ya vita hivyo nchi iliangukia mikononi mwa Waingereza. Gillman alibaki, akautumikia utawala mpya, na hatimaye akawa Mhandisi Mkuu wa Reli za Tanganyika. Wengine wangeridhika na cheo hicho. Yeye aliona kwamba mhandisi asiyeijua nchi hujenga gizani. Kila alipopelekwa kupima njia, aliandika katika shajara yake habari za udongo, miti, mito na makazi ya watu. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilipoanzishwa mwaka 1936, yeye alikuwa miongoni mwa walioliinua kwa kalamu zao, akiamini kwamba ujuzi ukifungiwa katika jalada la ofisi haumfai mtu.

Mwaka huo huo wa 1936 alitoa ramani ya makazi ya watu wa Tanganyika, nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 5. Ramani hiyo ilionyesha jambo la kushangaza. Theluthi mbili ya watu walikaa katika sehemu moja tu ya kumi ya nchi, na karibu theluthi mbili ya ardhi haikuwa na wakazi kabisa. Sababu zake kubwa zilikuwa mbili: uhaba wa maji na mbung'o. Kwa maneno mengine, ardhi iliyo tupu haikuwa tupu kwa uvivu wa mtu. Ilikuwa na sababu, na wenyeji waliijua. Wagogo waliochimba visima katika mchanga wa makorongo hawakuhitaji ramani ya kuwaambia maji yako wapi.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Serikali ilimfanya mshauri wake wa mambo ya maji. Alifariki mwaka 1946, na ramani yake ya uoto wa nchi ilichapishwa mwaka 1949, yeye akiwa kaburini.

Hapo ndipo lilipo funzo. Miezi michache baada ya kifo chake, mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilianza kule Kongwa, mkoani Dodoma, mpango wake mkubwa wa karanga. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na Kati. Ardhi ilionekana tupu, basi ikadhaniwa inangoja trekta. Kiangazi kilipofika udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikutosha, na maji ya kutumia yalikuwa ya shida. Mpango uliachwa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Ramani ya Gillman ilikuwa imekwisha kuchapishwa miaka 11 kabla ya trekta la kwanza kuwashwa.

Leo Dodoma ni makao makuu ya nchi, kwa uamuzi wa mwaka 1973. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika jiji hilo watu zaidi ya 765,000, na kwa miaka mingi tegemeo lake kubwa limekuwa visima vya bonde la Makutupora, ambavyo hujazwa zaidi na ile miaka michache yenye mvua kubwa. Reli inaweza kuwafikisha watu huko kwa saa chache. Haiwezi kuwaongezea maji.

Nasi wa visiwani tusidhani kwamba habari hii ni ya bara peke yake. Maji yetu ya chini ya ardhi yamezungukwa na bahari, na tukiyavuta kupita kiasi chumvi huingia visimani. Kila hoteli na kila mtaa mpya ni hesabu ya maji, apende asipende mwenye kutia saini.

Tungependa kuwaomba wakubwa wetu jambo moja. Kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, waulizwe wale waliopima na wale wanaoishi hapo, na majibu yao yasomwe mapema. Majibu ya Kongwa yalikuwapo. Aliyekosekana ni msomaji.