Albert Schweitzer: Daktari aliyewafunulia wasikilizaji siri ya Bach

MKRISTO wa Kawetele, mjini Tukuyu, aliyekua akiimba nyimbo za kanisa zilizoletwa na wamisionari wa Kijerumani waliofika Rungwe mwaka 1891, ana kitu ambacho mpiga kinanda mashuhuri wa Paris hakuwa nacho. Anayajua maneno.

Kitu hicho ndicho kilichompatia jina Albert Schweitzer katika ulimwengu wa muziki, kabla Afrika haijamfahamu kama daktari. Alizaliwa Januari 14, 1875 huko Kaysersberg, Alsace, iliyokuwa chini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji, na mtoto huyo alianza kupiga kinanda kanisani akiwa na miaka tisa.

Mwaka 1893 alikwenda Paris kujifunza kwa Charles-Marie Widor, bingwa wa kinanda wa Ufaransa. Miaka sita baadaye mwalimu alimfungulia mwanafunzi moyo wake: baadhi ya vipande vya Johann Sebastian Bach vilivyojengwa juu ya nyimbo za kanisa vilimtatiza. Kwa nini sauti zigeuke ghafla, hapa zikishuka kwa uzito, pale zikirukaruka?

Schweitzer alimjibu kuwa Bach alikuwa akifuata maneno ya wimbo. Akayatafsiri kwa Kifaransa, wakavipitia vipande hivyo upya, na Widor akavisikia kana kwamba ni mara ya kwanza. Akamwomba aandike makala fupi kuwasaidia Wafaransa. Kilichotoka mwaka 1905 ni kitabu cha kurasa 455. Toleo la Kijerumani la mwaka 1908 lilikaribia maradufu.

Mwaka huohuo wa 1905 alianza masomo ya udaktari, na mwaka 1913 akawasili Lambaréné, Gabon, pamoja na mkewe Helene. Jumuiya ya Bach ya Paris ilikuwa imempa piano yenye vibao vya kukanyaga kwa miguu, iliyowekewa zinki ili istahimili unyevu wa tropiki. Aliipiga usiku, kazi ya wagonjwa ikiisha.

Piano hiyo haikuwa anasa. Mazoezi yake ndiyo yaliyomwezesha kurudi Ulaya na kupiga vinanda makanisani ili kuichangia hospitali. Ziara ya Sweden mwaka 1920 ilimsaidia kulipa madeni, na kati ya mwaka 1935 na 1936 alirekodi santuri London na Strasbourg.

Wasikilizaji hawakukubaliana juu yake. Wengine walilalamika kuwa anakwenda polepole mno, wakazoea zaidi wapigaji wa kasi na vishindo. Yeye alishikilia kuwa kila sauti sharti isikike. Wengine walitoka kanisani wamenyamaza.

Kwa Waafrika, hesabu yake ni ngumu zaidi. Aliwaona kama ndugu wadogo, kauli ambayo wengi hawakumsamehe, na si bila sababu. Tena wageni wa Ulaya na Marekani ndio walioandika zaidi habari zake. Twajua walivyoguswa wao na muziki wake wa usiku kuliko walivyouonja wagonjwa wa hospitali ileile.

Alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952, na fedha zake akazitumia katika kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Alifariki Septemba 4, 1965, akiwa na miaka 90, akazikwa Lambaréné.