Ed Furgol, championi wa mukono uliopinda

Huku kwetu Malemba-Nkulu golfu haiko, lakini wenye kufika Lubumbashi waliiona: fimbo, mupira mudogo, na shimo kule mbali. Walimu wake wanafundisha hivi: ukipiga kwa kuume, mukono wa kushoto unyooke kabisa.

Ed Furgol, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1917, hakuweza. Akiwa na miaka 12 alianguka kwenye vyuma vya kuchezea, kiwiko cha kushoto kikavunjika vibaya. Mukono ukabaki mufupi, umekonda, umepinda. Mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe anajua mambo hayo.

Basi akatafuta mupigo wake mwenyewe: mukono wa kuume, kiuno na miguu njo vilibeba kazi kubwa. Mwaka 1954 akacheza US Open, kombe kubwa la Marekani, kule Baltusrol, New Jersey. Shimo la mwisho, mupira ukaingia mu miti! Hakulazimisha kupita mbele. Akaupiga kwa pembeni, mu kiwanja cha jirani, kisha akarudisha kwenye njia. Njo mayele. Akamaliza na mapigo 284, moja tu chini ya Gene Littler.

Alikufa 1997, na mukono wake vile vile umepinda.